Addiator Yako Haijaharibika: Mwongozo Kamili wa Kununua, Kukagua, Kusafisha na Kutumia Kikokotoo cha Tepe

Malalamiko yanayotoka kwa wakusanyaji wapya wa vikokotoo vya zamani hufanana mno. Mtu amenunua Addiator, kikokotoo kidogo cha mkononi chenye tepe za chuma, kwenye mnada wa mtandaoni, imemfikia salama, ameshika kijiti chake na kujumlisha namba mbili tatu. Jibu la kwanza limekuwa sahihi, la pili limepungua kumi, na la tatu limeonyesha mshale mahali palipotakiwa kuwa na tarakimu. Hapo ndipo bisibisi inapotafutwa, au chupa ya mafuta ya cherehani, na kifaa kilichokuwa kizima kinaharibiwa siku hiyo hiyo.

Karibu kila mara kosa haliko kwenye kifaa. Kinachokosekana ni mambo mawili: usafi wa ndani, na kuifahamu vyema kanuni ya rangi nyekundu. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kabla ya kulipa hadi kuhifadhi. Unahusu Addiator za Ujerumani, zilizoanza kutengenezwa Berlin mwaka 1920 na kuendelea hadi mwaka 1982, pamoja na vifaa vyote vya jamii hiyo vyenye tepe za chuma zinazosogezwa kwa kijiti, mtindo ambao Mfaransa Louis Troncet aliutoa mwaka 1889.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kijiti cha chuma chenye ncha butu. Kijiti cha awali ndicho bora. Kama kimepotea, sindano nyembamba ya kufumia sweta inafaa, mradi ncha yake isiwe kali. Usitumie kalamu ya wino, kwa kuwa wino huingia kwenye meno na kugandisha vumbi. Wala penseli, kwa kuwa ncha yake hukatikia ndani.
- Brashi laini ya rangi, mpya na kavu, yenye upana wa kidole kimoja.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa, ile wanayotumia wapiga picha kusafishia lenzi. Kupuliza kwa mdomo huingiza unyevu wa mate, na unyevu ndio mwanzo wa kutu.
- Kitambaa cha kusafishia miwani na pamba chache za masikio.
- Spiriti ya hospitali, kiasi kidogo sana, kwa kazi moja tu itakayotajwa chini.
- Lenzi ya kukuzia na tochi.
- Vifuko vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na ya vifaa vya umeme.
- Daftari, kwa kumbukumbu ya kila kifaa.

Mafuta ya aina yoyote hayamo kwenye orodha hii, na sababu yake itaelezwa kwenye hatua ya 3.

## Zifahamu sehemu zake kwanza

Weka kifaa mezani na ukimulike kwa tochi kutoka pembeni. Kila safu ina mfereji mwembamba uliosimama wima, na kandokando ya mfereji zimechapwa tarakimu. Ndani ya mfereji unaonekana ukingo wa utepe wenye meno. Sehemu ya ukingo huo ina rangi ya chuma tupu, na sehemu nyingine imepakwa rangi nyekundu. Mwisho mmoja wa mfereji umenyooka. Mwisho wa pili umejikunja kuelekea safu ya kushoto, kama mpini wa bakora. Sehemu hiyo iliyojikunja tutaiita mpindo.

Mpindo ndio akili ya kifaa chote. Kijiti kinapouzunguka hadi mwisho, hunasa jino moja la utepe wa safu ya jirani na kuusogeza hatua moja, yaani hubeba moja kutoka mamoja kwenda makumi, au kutoka makumi kwenda mamia. Hakuna gia wala springi inayofanya kazi hiyo. Ni mkono wako, na usipoufikisha mkono mwisho wa mpindo, hakuna kitakachobebwa.

Sehemu mbili zilizobaki ni vidirisha, ambamo jibu husomwa, na upau wa kufutia, ambao ukivutwa hurudisha tepe zote kwenye sifuri.

## Hatua ya 1: Jua unanunua aina gani

Kwenye minada, vifaa vya aina tofauti huuzwa kwa maelezo yaleyale ya "kikokotoo cha mfukoni cha zamani". Resulta, kwa mfano, ina magurudumu yanayozungushwa kwa kijiti na hubeba yenyewe. Golden Gem ya New York hutumia minyororo midogo. Hivyo ni vifaa vizuri vya kukusanya, lakini hatua za hapa chini hazivihusu. Dalili ya kikokotoo cha tepe ni mipindo. Usipoiona kwenye picha, hicho si kifaa cha jamii hii.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu fedha. Addiator nyingi zilizouzwa Uingereza zilitengenezwa kwa ajili ya pauni, shilingi na peni za zamani, ambapo peni 12 zilifanya shilingi 1 na shilingi 20 zilifanya pauni 1. Uingereza iliachana na mfumo huo tarehe 15 Februari 1971. Kwenye kifaa cha namna hiyo safu za upande wa kulia hazibebi zinapofika kumi, hivyo mtu anayejumlisha namba za kawaida atapata majibu ya ajabu na kudhani kifaa kina kasoro.

Wanunuzi wa Afrika Mashariki huvutiwa na neno "shilingi" kwenye maelezo ya muuzaji. Shilingi yetu, tangu ile ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, imegawanywa kwa senti 100. Kwa hiyo kifaa kinachofaa hesabu zetu ni kile cha kawaida cha makumi, ambapo safu mbili za kulia unaweza kuzifanya senti. Kile cha pauni kinunue ukikitaka kama kumbukumbu ya mfumo wa kale, na hapo kina thamani yake kamili.

Aina nyingine inayostahili kutafutwa ni rula za kukokotolea za Faber-Castell zilizobandikwa Addiator mgongoni. Mhandisi alizidisha na kugawanya kwa rula upande mmoja, kisha akageuza na kujumlisha upande wa pili. Kwa maoni yangu hizi ndizo nzuri kuliko zote za jamii hii, kwa sababu kila upande unafanya kazi ambayo ule mwingine hauwezi. Unapokagua rula hiyo, hakikisha pia ulimi wake wa katikati unateleza na haujapinda.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja, kwa kutazama picha peke yake, idadi ya safu, mahali ilipo mipindo, na kama kifaa ni cha makumi au cha pauni.

## Hatua ya 2: Kagua kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji picha tatu. Ya kwanza ionyeshe vidirisha vyote vikiwa sifuri. Ya pili ionyeshe vidirisha vyote vikiwa na tarakimu 5. Ya tatu iwe ya karibu, ikionyesha mipindo yote na kijiti.

Picha ya pili ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote. Utepe uliokwama hauwezi kufikishwa kwenye 5, na utepe uliopinda utaonyesha tarakimu iliyokaa juu au chini kidogo ya kidirisha badala ya katikati. Muuzaji anayekataa kuipiga picha hiyo kwa kisingizio kwamba hajui kukitumia kifaa anaweza kueleweshwa kwa sentensi moja: chomeka kijiti kwenye jino lililo sambamba na 5, kisha vuta kuelekea mwisho ulionyooka. Kama bado anakataa, tafuta kifaa kingine.

Kwenye picha ya tatu, tazama kingo za mipindo kwa lenzi. Mpindo uliotanuka au wenye ukingo uliojikunja nje ni ushahidi kwamba mtu alilazimisha. Tazama pia uso wa bamba lote. Bonyeo dogo ambalo kwenye saa au redio lingekuwa kovu tu, hapa hugandamiza utepe ulio chini yake, kwa kuwa nafasi iliyomo ndani ni ndogo mno. Bonyeo juu ya mfereji ni sababu tosha ya kutonunua.

Usiharakishe wala usipandishe bei kwa hofu ya kukosa. Addiator zilitengenezwa kwa wingi sana na bado zinaonekana sokoni kila wiki, hasa Ujerumani, Uingereza na Marekani. Nauli ya posta na ushuru wa forodha vinaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe, hivyo vijumlishe kabla ya kutoa dau lako. Kijiti cha awali, mfuko wake na karatasi ya maelekezo huongeza thamani. Kung'aa kupita kiasi huipunguza, kwa sababu kwa kawaida humaanisha kwamba shaba imesuguliwa na rangi ya kiwandani imeondoka.

## Hatua ya 3: Safisha, kwa ukavu

Kifaa kikifika, usikitumie kabla ya kukisafisha. Kusogeza tepe juu ya mchanga wa miaka hamsini hukwaruza rangi nyekundu, na rangi hiyo ikitoka huwezi tena kusoma kanuni ya kubeba.

Kilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe na ukigonge taratibu mgongoni kwa ncha ya kidole. Karatasi itaonyesha kilichotoka: vumbi la kijivu ni la kawaida, chembe za kahawia ni kutu, na vipande vyekundu ni rangi inayobanduka. Ukiona vipande vyekundu, acha kugonga na uendelee kwa brashi peke yake.

Pitisha brashi kavu kwenye kila mfereji, ukianzia mwisho ulionyooka kuelekea kwenye mpindo, kisha puliza kwa pampu. Sogeza kila utepe kwa kijiti hatua mbili tatu, piga brashi tena, puliza tena, hadi umepita urefu wake wote. Kazi hii ni ya polepole. Anayeiharakisha hurudi kuianza upya, kwa sababu uchafu uliobaki chini ya bamba husogea pamoja na utepe na kujitokeza mahali pengine.

Ukiona ndani ya mfereji kitu cheusi kinachonata, hayo ni mafuta ya mmiliki aliyetangulia yaliyochanganyika na vumbi. Hapa ndipo spiriti inapohitajika. Lowesha ncha ya pamba, ikamue hadi ibaki na unyevunyevu tu, na ufute meno ya sehemu yenye rangi ya chuma tupu. Usiguse sehemu nyekundu wala tarakimu zilizochapwa kabla ya kujaribu mahali pasipoonekana, kwa kuwa baadhi ya rangi hizo huyeyuka papo hapo. Petroli, thina na dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni marufuku kabisa.

Sasa sababu ya kukataa mafuta. Tepe hizi hushikiliwa mahali pake na msuguano mdogo kati yake na bamba. Ukizipaka mafuta, kwanza huteleza zenyewe kifaa kinaposimamishwa na kukubadilishia jibu. Pili, mafuta hukusanya vumbi na baada ya miezi michache tepe zinakwama kabisa. Kama utepe mmoja umebaki mgumu baada ya kusafishwa vizuri, sugua meno yake kidogo kwa penseli laini ya 2B, usogeze mara kadhaa, kisha upulize unga uliobaki. Hicho ndicho kilainishi pekee ninachokikubali.

Usifungue kifaa. Kingo za Addiator nyingi zimekunjwa au kubanwa kiwandani, na chuma chembamba kilichokunjuliwa hakirudi kunyooka. Nafasi ya ndani ikibadilika hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho, tepe ama zitakwama ama zitacheza ovyo.

Utajua umefanikiwa kila utepe ukienda urefu wake wote kwa nguvu ileile ndogo ya kijiti, na ukibaki ulipouacha hata ukikisimamisha kifaa wima.

## Hatua ya 4: Rudisha kwenye sifuri

Vuta upau wa kufutia taratibu hadi mwisho, kisha urudishe ndani hadi ukae. Vidirisha vyote vionyeshe 0, na mifereji yote upande wa kujumlisha ionyeshe rangi ya chuma tupu.

Vuta kwa vidole viwili, kimoja kila upande, ili upau usiende mshazari. Upau ukikwama katikati ya safari, usiuvute kwa nguvu. Tafuta kwanza utepe uliokwama na uusogeze kwa kijiti. Upau ambao haujarudishwa hadi mwisho huzuia tepe zisitembee, na hii ni mojawapo ya sababu za watu kudhani kifaa kimekufa.

## Hatua ya 5: Jumlisha bila kubeba

Kanuni ya kwanza ni hii: jino lililo sambamba na tarakimu yako likiwa na rangi ya chuma tupu, sogeza kijiti kuelekea mwisho ulionyooka, mpaka kigote.

Jaribu 321 + 456. Ingiza 321 kwa kusogeza 3 kwenye mamia, 2 kwenye makumi na 1 kwenye mamoja. Kisha ingiza 456 kwa namna hiyo hiyo. Vidirisha vitaonyesha 777.

Shika kijiti wima. Kikilala, hupanda juu ya jino badala ya kulisukuma, na utepe hubaki nusu ya safari. Kidirisha kikionyesha tarakimu iliyokatwa nusu juu na nusu chini, maana yake kijiti hakikufika mwisho. Kichomeke tena palepale, umalize safari iliyobaki.

## Hatua ya 6: Kubeba kwa rangi nyekundu

Kanuni ya pili: jino likiwa jekundu, sogeza kijiti kuelekea kwenye mpindo, na uuzunguke mpaka mwisho wake kabisa.

Sababu yake ni hesabu tuliyofundishwa darasa la pili. Tuseme safu ina 8 nawe unataka kuongeza 6. Utepe hauna nafasi ya kusogea hatua 6 mbele. Kwa hiyo kifaa kinaurudisha nyuma hatua 4, na kwa kuzunguka mpindo kinaongeza 1 kwenye safu ya kushoto. Kutoa 4 na kuongeza 10 ni sawasawa na kuongeza 6. Rangi nyekundu imepakwa mahali ambapo jumla itafika kumi au kuzidi, na hivyo mtumiaji hahitaji kupiga hesabu yoyote kichwani. Anaitii rangi tu.

Fanya 478 + 256 ukianzia kulia:

1. Futa kifaa, kisha ingiza 478.
2. Mamoja: chomeka kwenye 6. Ni jekundu. Nenda kwenye mpindo na uuzunguke. Mamoja yanaonyesha 4, na makumi yamepanda kutoka 7 hadi 8.
3. Makumi: chomeka kwenye 5. Ni jekundu. Zunguka mpindo. Makumi yanaonyesha 3, mamia yamepanda kutoka 4 hadi 5.
4. Mamia: chomeka kwenye 2. Ni chuma tupu. Sogeza kuelekea mwisho ulionyooka. Mamia yanaonyesha 7.

Jibu ni 734.

Anayepata 724 au 634 amekosa jambo lilelile: kijiti chake kilifika mwanzo wa mpindo akakiinua, badala ya kukipitisha hadi mwisho wa sehemu iliyojikunja. Tarakimu ya safu aliyokuwa nayo inakuwa sahihi, lakini jirani hakupokea chochote. Fanya mpindo kwa mwendo mmoja usiokatika, na utazame kidirisha cha kushoto kikibadilika kabla ya kuinua mkono.

Rangi isomwe kila unapochomeka kijiti, kwa kuwa mpaka kati ya chuma na nyekundu husogea kila utepe unaposogea. Tarakimu iliyokuwa na rangi ya chuma sasa hivi inaweza kuwa nyekundu baada ya safu ya kulia kuibebea moja.

## Hatua ya 7: Mshale, na jaribio la tisa

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na inafaa kupewa muda kuliko zote.

Kikokotoo cha tepe kinaweza kubeba hatua moja tu, kwenda kwa jirani mmoja tu. Jirani huyo akiwa tayari ana 9, moja anayopokea inamfikisha kumi, na kumi haina tarakimu moja ya kuonyeshwa. Kifaa hakiwezi kumbebea jirani wa pili peke yake. Kwa hiyo mtengenezaji aliweka alama kwenye utepe baada ya 9. Kwenye Addiator nyingi alama hiyo ni mshale; kwenye vifaa vingine vya bei nafuu ni kitone au nafasi yenye rangi. Inamaanisha kwamba safu hii ina kumi, na inakusubiri uibebe.

Dawa yake: chomeka kijiti kwenye jino la 0 la safu yenye mshale, yaani lile lililo mbali kabisa na mpindo, kisha sogeza hadi kwenye mpindo na uuzunguke. Ni kanuni ya pili ileile, ila sasa unajumlisha sifuri kwa njia ya nyekundu. Utepe unarudi hatua 10, kidirisha kinaonyesha 0, na safu ya kushoto inapata 1.

Jizoeze kwa jaribio la tisa, ambalo pia ndilo kipimo bora cha afya ya kifaa. Ingiza 999, kisha ongeza 1:

1. Mamoja: jino la 1 ni jekundu. Zunguka mpindo. Mamoja yanakuwa 0, makumi yanaonyesha mshale.
2. Makumi: chomeka kwenye 0, zunguka mpindo. Makumi yanakuwa 0, mamia yanaonyesha mshale.
3. Mamia: chomeka kwenye 0, zunguka mpindo. Mamia yanakuwa 0, maelfu yanakuwa 1.

Jibu ni 1,000. Endelea kwa tisa zote ambazo safu za kifaa chako zinaruhusu, ukiiacha ya mwisho kushoto ipokee. Kama mlolongo wote umepita bila kukwama na bila tarakimu kukatika, kifaa chako ni kizima, na unaweza kuliandika hilo daftarini.

Onyo: ondoa mshale mara tu unapojitokeza, kabla ya kuingiza tarakimu nyingine yoyote. Utepe wenye mshale umefika ukingoni mwa safari yake, na moja ya pili ikiletwa juu yake haitapokelewa. Hapo jibu linapotea na hakuna njia ya kujua limepotea wapi, ila kufuta na kuanza upya.

## Hatua ya 8: Kutoa

Modeli nyingine huweka kutoa upande wa nyuma, nyingine huweka mifereji ya kutoa chini ya ile ya kujumlisha kwenye uso uleule. Mpangilio wowote ulio nao, kanuni ya rangi haibadiliki: chuma tupu kuelekea mwisho ulionyooka, nyekundu kuzunguka mpindo. Tofauti ni kwamba mpindo sasa unakopa moja kutoka kushoto badala ya kubeba.

Ingiza namba kubwa upande wa kujumlisha, kisha nenda upande wa kutoa. Kwa 500 − 137, jino la 7 kwenye mamoja ni jekundu, na ukizunguka mpindo mamoja yanakuwa 3. Makumi, yaliyokuwa 0, yameombwa moja ambayo hayana, hivyo yanaonyesha mshale. Yaondolee mshale kwa jino la 0 kama ulivyofanya kwenye hatua ya 7: makumi yanakuwa 9 na mamia yanashuka hadi 4. Toa 3 kwenye makumi upate 6, toa 1 kwenye mamia upate 3. Jibu ni 363.

## Hatua ya 9: Hifadhi

Anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar ana adui ambaye mkusanyaji wa Berlin hamjui: hewa ya bahari yenye chumvi. Hifadhi kifaa kikiwa kimerudishwa kwenye sifuri, kimelazwa, ndani ya chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko viwili vya kufyonza unyevu, na ubadilishe vifuko hivyo kila msimu wa mvua unapoanza.

Mifuko ya plastiki laini iliyouzwa pamoja na vifaa hivi hutoa utomvu kadiri inavyozeeka, hunata kwenye rangi na kuacha kutu ya kijani kwenye shaba. Itunze mifuko hiyo, kwa kuwa ni sehemu ya mkusanyiko, lakini itunze kando. Kifaa chenyewe kifunge kwa kitambaa cha pamba.

Daftarini andika jina lililochapwa, idadi ya safu, ni cha makumi au cha pauni, kama kijiti ni cha awali, tarehe uliyokinunua, na matokeo ya jaribio la tisa.

## Ukitaka kupanda hadi Curta

Wengi wanaoanza na Addiator huishia kuitamani Curta, kile kikokotoo cha duara kinachoenea kiganjani, kilichobuniwa na Curt Herzstark wa Vienna na kutengenezwa Liechtenstein kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bei yake leo ni mamia ya dola na mara nyingi huzidi elfu moja, hivyo jaribio kabla ya kulipa si la hiari.

Modeli ya kwanza ina vitelezi 8 vya kuingizia namba na nafasi 11 za jibu. Ya pili ina vitelezi 11 na nafasi 15. Futa kifaa, weka 1 kwenye kitelezi cha kwanza, inua mkono wa juu na uuzungushe mara moja. Kuuinua ni kutoa, hivyo sifuri ukitoa 1 inapaswa kujaza nafasi zote za jibu tarakimu 9. Shusha mkono, zungusha mara moja tena, na zote zirudi sifuri. Baadaye weka 12345679 kwenye vitelezi vinane na uzungushe mara 9: jibu ni 111111111, na kihesabio cha mizunguko kinaonyesha 9. Nafasi yoyote iliyosita kati ya tarakimu mbili inamaanisha gharama ya fundi.

Zungusha kwa mwelekeo wa saa tu, na usiishie katikati ya mzunguko. Mkono ukikataa kuzunguka, angalia kwanza kama sehemu ya juu inayoinuliwa wakati wa kufuta imekaa chini kabisa katika moja ya nafasi zake, kwa kuwa ikiwa imeinuka hufunga mkono kwa makusudi. Ikiwa imekaa sawasawa na mkono bado unakataa, acha palepale, usiifungue, na ipeleke kwa fundi anayezijua Curta. Ndani ya modeli ya kwanza pekee kuna sehemu zipatazo mia sita.